Kipande na Jina: Watafuta Kazi wa Bonde la Lukuledi

Mto Lukuledi hutoka Masasi, ukapita chini ya uwanda wa Wamakonde na kuingia baharini Lindi. Bonde lake lilikuwa njia ya kushukia pwani tangu zamani. Katika karne ya 19 mateka wa bara walipitishwa humo kwenda kuuzwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, nao wakaweka makazi yao Masasi. Haikupita miaka mingi, bonde lile lile likaanza kukanyagwa na wasafiri wa namna nyingine: watafuta kazi.

Hawakwenda kwa hiari tupu. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Muhogo na mtama vililisha jamaa, lakini rupia zilipatikana pwani. Basi Mmakonde, Mmakua na Myao wakashuka kwenda katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, na wengine wakafika hadi Tanga. Kutoka ng'ambo ya Ruvuma nako walikuja Wamakonde wa Msumbiji.

Baina ya mwenye nguvu na mwenye shamba alisimama mtu wa tatu, wakala wa kuandika watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda ofisi yao wenyewe ya shughuli hiyo, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Iliwaandika watu kwa mkataba na kuwasafirisha mpaka mashambani. Aliyeandikwa alipewa namba, na watu wakamwita kwa namba hiyo: manamba.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30. Kila siku ilikuwa na kiasi chake. Asiyekitimiza hakupata alama, ingawa alitoka alfajiri akarudi jioni. Ujira nao ulingoja kadi ijae.

Waama, mpango ule ulifaulu katika lililokusudiwa. Mtu alifikishwa kazini, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Lakini haukujishughulisha kujua aliyefika ni nani, ana ujuzi gani, na mkataba ukiisha atakuwa wa wapi.

Gharama ya kutokujua huko ilionekana Kwale, Kenya. Huko waliishi Wamakonde, wengi wao asili yao Msumbiji, ambao wazee wao walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu walizaliwa huko, wakakua bila uraia. Na asiye na kitambulisho hupata shida hata kuomba kazi. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari ya Nairobi kudai haki yao, na kabla ya mwaka kwisha wakaanza kupewa vitambulisho.

Kitambulisho hicho, Wakenya wengi hukiita kipande. Cha babu kilihesabu siku zake za kazi. Hiki cha mjukuu kimeandikwa jina lake.