Mkwaruzo wa Gitaa na Mafundi wa Nyumbani
Mkwaruzo mmoja maarufu wa gitaa la umeme ulianza kama hitilafu. Huko Nashville, Marekani, wakati wa kurekodi wimbo wa mwimbaji Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, besi ya mpiga gitaa Grady Martin ilipitia mkondo mbovu wa meza ya kuchanganyia sauti, ikatoka inanguruma. Fundi mitambo Glenn Snoddy aliunda kifaa cha transista cha kuitoa upya sauti hiyo, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza kifaa hicho kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Kilichowavutia hasa wajenzi wa nyumbani ni pedali ya Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na vitufe viwili vya kuzungusha. Uchache huo unadanganya. Transista zake za jemaniamu huvujisha umeme, na joto likipanda uvujaji huzidi, hivyo pedali iliyolia vizuri asubuhi yaweza kufifia mchana. Kwa hiyo mjenzi hupima volti kwenye kolekta ya transista ya pili. Kwa betri ya volti 9, hutafuta takriban volti 4.5, na zikipungua au kuzidi mno hubadilisha rezista. Pedali ikinyamaza kabisa, sauti hufuatwa hatua kwa hatua tangu tundu la kuingilia, na mara nyingi kosa ni lehemu isiyoshika.