Sentensi au Orodha: Namna Skripti Inavyoita Programu Nyingine

Mwandishi wa skripti anayetaka kuita programu nyingine ana njia mbili, nazo zinatofautiana kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza ni kuandika amri nzima kama sentensi moja na kuikabidhi kwa fanksheni system ya lugha ya C, au os.system ya Python. Kwenye Linux sentensi hiyo hupitia kwanza kwa mfasiri wa amri, /bin/sh, ambaye huikata kila penye nafasi, husaka alama ya dola, nukta mkato na mstari wima, kisha huamua mwenyewe kilichoagizwa. Ya pili ni kukabidhi orodha ya maneno yaliyokwisha kutengwa. Mchakato hujinakili kwa fork, nakala yake hugeuka programu mpya kwa execve, na kila neno hufika lilivyo.

Nashikilia kwamba sentensi haifai popote ambapo hata neno moja limetoka kwa mtu mwingine. Picha iliyopewa jina “harusi ya Asha.jpg” huwa maneno matatu mbele ya mfasiri, na skripti hulalamika kuwa faili halipo. Hilo ni dogo. Jina lenye nukta mkato na amri ya kufuta mafaili baada yake hutekelezwa kwa mamlaka yote ya mwenye skripti.

Wanaoitetea sentensi husema inatosha kulifunga neno la mgeni kwa alama za nukuu. Mwaka 2016 ImageMagick, programu ya kuchakata picha iliyotumiwa na tovuti nyingi, ilionyesha udhaifu wa kinga hiyo. Ili kupakua picha ya mbali ilijenga sentensi ya amri na kuchomeka kiungo cha mtumiaji katikati ya nukuu. Kiungo chenye alama ya nukuu ndani yake kilizifunga nukuu hizo mapema, na kilichofuata kikawa amri. Mlinzi alikuwepo, ila mgeni naye alikuwa na ufunguo uleule.

Python iliingiza moduli ya subprocess katika toleo la 2.4, mwaka 2004, ikiifanya njia ya orodha kuwa ya kawaida; anayemtaka mfasiri lazima amwite waziwazi. Huo ndio mpangilio ninaoutetea: njia ya hatari idai juhudi zaidi.

Hata hivyo orodha ina mipaka. Windows huanzisha mchakato kwa kupokea sentensi moja, hivyo orodha hushonwa upya kabla ya kuondoka. Aprili 2024 wasimamizi wa lugha ya Rust walilazimika kutoa toleo la 1.77.2 kwa sababu mafaili ya bechi husomwa na cmd.exe, mfasiri wa amri wa Windows mwenye kanuni zake za kukata maneno. Na hata kwenye Linux, faili linaloitwa “-rf” hufika salama kwa rm, ambayo huliona kuwa agizo na si jina, isipokuwa mwandishi ametanguliza vistari viwili.