Msimu, Sauti na Kitisho: Asili ya Hadithi Fupi za Usiku wa Halloween

Wahakiki wengi wamezoea kuigawa fasihi mafungu mawili: simulizi, inayohesabiwa kuwa mali ya mdomo na ya Mwafrika, na andishi, inayohesabiwa kuwa zawadi ya kalamu iliyotoka Ulaya. Hadithi fupi huwekwa katika fungu la pili bila kuhojiwa. Makala haya yanakusudia kuuchunguza mgawanyo huo kwa kuitazama historia ya utanzu mmoja mdogo, yaani hadithi fupi ya kutisha ya lugha ya Kiingereza, ambayo wasomaji wengi wa Marekani na Uingereza huipendelea hasa siku za kuelekea usiku wa tarehe 31 Oktoba, uitwao Halloween. Dai letu ni kwamba utanzu huu, hata ulipofika kwenye mtambo wa chapa, haukuacha kumlenga msikilizaji.

Yafaa tuanze na msimu wenyewe. Huko Ireland usiku huo ulikuwa mwanzo wa sikukuu ya Samhain, iliyofunga mavuno na kufungua majira ya baridi. Mifugo ilirudishwa kutoka malishoni, usiku ukazidi kurefuka, na watu waliamini kwamba mpaka kati ya walio hai na viumbe wa ulimwengu mwingine umelegea. Kanisa nalo liliadhimisha Siku ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na jina Halloween latokana na mkesha wa siku hiyo. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna majira ya usiku mrefu. Usiku wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Huenda ndiyo sababu miiko ya utambaji katika jamii nyingi za Kenya ilifungamana na saa kuliko mwezi: ngano hazikutambwa mchana. Kaskazini, jua lenyewe ndilo lililowapangia watu mwezi wa kuota moto na kusimuliana.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba hadithi hizo zilitoka Samhain zikaingia vitabuni moja kwa moja. Katika Uingereza ya karne ya 19 msimu wa hadithi za mizuka ulikuwa Krismasi. Charles Dickens alitoa A Christmas Carol tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za chapa ya kwanza zikaisha kabla ya sikukuu. Miaka kumi baadaye, Desemba 1853, aliisoma kwa sauti mbele ya hadhira mjini Birmingham, na tangu mwaka 1858 usomaji wa hadharani ukawa kazi ya kumpatia fedha. M. R. James, mtaalamu wa maandiko ya kale katika Chuo cha King's, Cambridge, alishika njia hiyo hiyo. Tarehe 28 Oktoba 1893 aliwasomea wenzake wa chama kimoja hadithi zake mbili za mwanzo. Baadaye ikawa desturi yake kuwasomea rafiki zake hadithi mpya wakati wa Krismasi, chumba kikiwa na mwanga wa mshumaa mmoja tu. Hadithi zile mbili zilichapwa magazetini mwaka 1895 na kuingia kitabuni mwaka 1904. Sauti, basi, iliitangulia chapa.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Wapuriti wa Massachusetts waliikataa Krismasi, na kuanzia mwaka 1659 hadi 1681 sheria yao iliwatoza faini walioisherehekea. Halloween ilienezwa huko katika karne ya 19 na wahamiaji wa Scotland na Ireland, hasa baada ya njaa kuu ya Ireland iliyoanza mwaka 1845. Hadithi ya Washington Irving, “The Legend of Sleepy Hollow”, iliyotoka mwaka 1820, haiitaji Halloween popote. Ni hadithi ya vuli, yenye karamu ambamo wageni wanasimuliana habari za mizuka, na boga lililopasuka kando ya kofia ya mwalimu aliyetoweka. Wasomaji wa baadaye ndio walioikabidhi kwa usiku ule wa Oktoba. Kumbe msimu hujichagulia hadithi, hata zile zisizoandikiwa msimu huo.

Mpinzani wetu aweza kumtaja Edgar Allan Poe, aliyeyaandikia magazeti wala si watu wanaoota moto. Ni kweli. Lakini Poe huyo huyo, mwaka 1842, alishikilia kwamba hadithi isomwe katika kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa mbili, ili athari yake isikatike. Na kikao ndicho kipimo cha fanani na hadhira yake tangu zamani. Katika “The Tell-Tale Heart” ya mwaka 1843, muuaji anatusemesha ana kwa ana, na kinachomfichua ni mapigo ya moyo anayodhani anayasikia chini ya sakafu. Katika “The Monkey's Paw” ya W. W. Jacobs, ya mwaka 1902, wazazi waliofiwa na mwana wao wanasikia mlango ukibishwa usiku, na anayebisha haonekani kamwe. Kitisho chapita sikioni, wala si machoni. Ndiyo maana redio iliupokea utanzu huu bila taabu: tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles alitangaza mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells kuhusu uvamizi kutoka Mirihi, ukawatisha baadhi ya wasikilizaji, naye akauhitimisha kwa kusema kuwa ulikuwa mzaha wa Halloween.

Ikiwa hoja hizi zina uzito, mgawanyo tuliouanza nao hauna budi kurekebishwa. Mwandishi wa Kiswahili anayetunga hadithi fupi ya kutisha haendi kuazima ugenini chombo kisichojua sauti, na mwanafunzi anayeisoma kimya, akiorodhesha dhamira na wahusika, ameipoteza nusu ya kazi. Vivyo hivyo, mkusanyaji wa ngano anayeziandika pasipo kutaja saa, mahali na vituo vya fanani hutuachia mifupa mitupu. Twapendekeza hadithi hizi, za kwao na za kwetu, zisomwe kwa sauti darasani kabla ya kuhakikiwa. Na ikiwezekana, zisomwe jioni.