Kumtaja Jirani kwa Ajili ya Uzima

Historia ya Ebola katika nchi yetu ilianzia karibu na altare. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika hospitali ya misheni Katoliki ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano 5 tu. Zikaoshwa kwa maji ya vuguvugu na kutumiwa tena kwa wagonjwa wengine. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, wakiwemo masista waliowahudumia. Chanjo haikuwapo. Hospitali ilifungwa, na wazee wakazuia njia za vijiji.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, kisha ikafika Ituri. Safari hii chanjo ilikuwapo, lakini ilitegemea ukweli. Mgonjwa aliulizwa: nani amekuuguza, nani amekugusa? Waliotajwa walichanjwa pamoja na wale waliokaribiana nao, wakafuatiliwa kwa siku 21. Kwa sababu ya vita na uvumi, wengi waliogopa kutaja majina. Mara nyingi aliyefichwa alionekana baadaye akiwa mgonjwa. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa.

Katika nchi ya vita, kumtaja mtu kwaweza kumletea kifo. Ndiyo maana tumejifunza kunyamaza. Lakini mbele ya Ebola, kumtaja jirani ni kumwitia msaada mapema. Tuchanjwe, tuseme kweli, tuwasikilize kwa upole wanaoogopa. Huo nao ni upendo wa jirani.