Je, mwalimu wa pool lazima awe mkali wa meza?

Ukipita Kakola jioni, mji mdogo uliokua jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, hutakosa meza ya pool chini ya paa la bati. Hutamkosa pia mkali wa meza, yule asiyebanduka kwa sababu hafungwi. Kijana akitaka kujifunza anaambiwa: cheza na huyo. Anacheza, analiwa hela. Kesho anarudi, analiwa tena. Hiyo ndiyo ada yake ya shule. Sasa tujiulize: hivi anayekufunga ndiye anayekufundisha? Na yule asiyetisha mezani, hawezi kumfundisha mtu?

Swali hili lina historia ndefu, na inaanzia mbali kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 19, ofisa wa jeshi la Ufaransa, François Mingaud, alipata sifa kwa kuiwekea fimbo ya biliadi ncha ya ngozi. Biliadi ndiyo mama wa pool. Ncha ya ngozi inaushika mpira badala ya kuteleza, kwa hiyo ukiupiga chini unaweza kurudi nyuma, na ukiupiga pembeni unazunguka. Mingaud alikuwa fundi hasa, na mwaka 1827 alichapisha kitabu cha mapigo yake.

Lakini kwa nini mpira unatii? Hesabu kamili ilitolewa na mtu mwingine, Gaspard-Gustave de Coriolis, mwaka 1835. Ndiyo, ni yule yule wa nguvu ya Coriolis unayokutana nayo ukisoma habari za pepo. Alionyesha, kwa mfano, kwamba mpira mweupe wenye mzunguko ukishagonga mwenzake hupita kwenye mkunjo wa parabola kabla ya kunyooka. Historia haimkumbuki Coriolis kwa ubingwa wowote wa mezani. Kupiga ni kazi moja, kueleza ni kazi nyingine.

Twende Uingereza, kwenye snooker, ndugu wa pool mwenye meza kubwa zaidi. Joe Davis alitwaa ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946, kisha akaandika kitabu kuhusu namna anavyocheza. Miaka mingi baadaye, mzee mmoja aliyependa mchezo huo, Bill Davis (majina tu yanafanana, hawana undugu), alikisoma kitabu hicho pamoja na mwanawe. Bill hakuwa bingwa wa dunia hata siku moja. Mwanawe, Steve Davis, alikuwa bingwa mara 6 kati ya 1981 na 1989.

Utaniambia: aa, lakini maarifa yenyewe yalitoka kwa bingwa! Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Bila mikono ya Joe, Bill asingekuwa na cha kusoma. Ila kitabu hakioni. Mtu aliyesimama pembeni ndiye anayeweza kusema, "Umeinua kichwa kabla ya kumaliza kupiga." Kazi hiyo inataka jicho na uvumilivu, na haidai makombe.

Mfano wa karibu nasi uko Iten, Kenya, ingawa ni wa riadha. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alifika kutoka Ireland kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Mwanafunzi wake David Rudisha alishinda mita 800 kwenye Olimpiki ya London 2012 kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Na kumbuka, baba yake Rudisha, Daniel, alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya 1968. Mkimbiaji mkali alikuwepo nyumbani kabisa, na bado kijana alihitaji mwalimu.

Hii haina maana kwamba yeyote anaweza kufundisha. Mwalimu wa pool lazima aweze kushika fimbo vizuri na kukuonyesha pigo analolieleza, hata kama halipati kila mara. Na ukifika ngazi ya mashindano, mtu aliyewahi kutetemeka mbele ya nyeusi ya mwisho anajua mambo ambayo mtazamaji hayajui.

Kwa hiyo kabla hujaweka hela mezani Kakola, au kwingineko, usiulize tu huyu amewafunga wangapi. Uliza: amemfundisha nani, na huyo anacheza vipi sasa? Kisha kosa pigo moja mbele yake. Akikuambia umekosea wapi na ufanye nini tofauti, kaa naye. Akicheka na kupanga mipira upya, mpe heshima yake kama mchezaji, ila ada yako ipeleke kwingine.