Nguvu kwa Uzito: Istilahi ya Kijana Anayenunua Gari Lenye Mbio

Nguvu kwa uzito ni kipimo kinachoonyesha injini ina nguvu kiasi gani kwa kila kilo, au kwa kila tani, ya gari inalolibeba. Hupatikana kwa kugawa nguvu ya injini kwa uzito wa gari. Gari lenye hosipawa 140 na uzito wa kilo 1,000 lina hosipawa 140 kwa tani. Injini hiyohiyo ikiwekwa kwenye gari la kilo 1,400, zinabaki hosipawa 100 kwa tani. Kijana mwenye akiba ndogo, anayetafuta gari lililotumika lenye mbio na raha ya kuliendesha, aanze na kipimo hiki kabla ya kingine chochote.

Kwetu mazungumzo ya kununua gari huanza na swali moja: CC ngapi? Swali hilo linahusu ujazo wa injini, na lina maana yake, kwa sababu ushuru na mafuta hufuata ujazo. Mbio hazifuati ujazo peke yake. Chukua Toyota Altezza, iliyouzwa Japani tangu mwaka 1998 hadi 2005. AS200 ina injini ya silinda sita, CC 1,988, yenye hosipawa 160. RS200 ina injini ya silinda nne, CC 1,998, na ile ya gia za mkono hutoa hosipawa 210. Bodi ni moja, uzito ni takribani kilo 1,350 kwa zote mbili. AS200 inapata kama hosipawa 119 kwa tani, RS200 kama 156. Anayeuliza CC atajibiwa "elfu mbili" kwa zote, kisha alipe bei ya RS200 akabidhiwe AS200.

Hata hosipawa zikitajwa, bado hazitoshi bila uzito. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya hosipawa 280. Hivyo Toyota Supra ya turbo na Mazda RX-7 ya miaka ya mwisho zilifikia namba hiyohiyo kwenye karatasi. Lakini Supra ilikuwa na takribani kilo 1,510, na RX-7 takribani kilo 1,270. Ya kwanza ina hosipawa kama 185 kwa tani, ya pili kama 220.

Tafsiri iliyozoeleka ya istilahi hii ni "uwiano wa nguvu na uzito". Ni Kiswahili sahihi, ila ina kasoro: "na" haisemi kipi kinagawanywa kwa kipi. Kasoro hiyo inamgusa mnunuzi moja kwa moja. Katalogi za Kijapani huandika kilo kwa kila hosipawa, na hapo namba ndogo ndiyo bora. Waingereza huandika hosipawa kwa kila tani, na hapo namba kubwa ndiyo bora. Suzuki Swift Sport ya mwaka 2017 ina kilo 970 na hosipawa 140. Kwa Wajapani ni 6.9, kwa Waingereza ni 144. Ukiambiwa tu kwamba uwiano wake ni 6.9, hujui ufurahi au usikitike.

Kiswahili kina neno lililokwisha kufanya kazi hii siku zote. Tunasema kilomita kwa saa, shilingi kwa kilo, magunia kwa ekari. "Kwa" hutaja kigawanyo bila kumchanganya mtu. Kwa hiyo ninapendekeza "nguvu kwa uzito" kwa kipimo ambacho ukubwa wake ndio ubora, na "uzito kwa nguvu" kwa kile cha katalogi za Japani. Katika hesabu za kila siku tuseme "hosipawa kwa tani" na "kilo kwa hosipawa".

Kuna wanaopendelea kuanza na "kawi". Nisingewafuata, kwa sababu nchini Kenya kawi ni kile ambacho Tanzania inakiita nishati, na wizara za nchi hizo zimebeba majina hayo. Nishati ni uwezo uliomo kwenye petroli. Nguvu ni kasi ya kuutumia uwezo huo kufanya kazi. Kani ni jambo la tatu: ni ule msukumo au mvuto wenyewe. Mwanafizikia atasema pia kwamba kilo hupima tungamo. Ana haki darasani, lakini mizani ya barabarani na nyaraka za gari husema uzito, na istilahi ya mnunuzi ifuate nyaraka anazozishika.

Hosipawa nazo zina aina. Ile ya Kijapani, inayoandikwa PS, ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja, sawa na wati 735.5. Ya Kiingereza ni wati 745.7, tofauti ndogo. Ukikuta kilowati, zidisha kwa 1.36 upate PS.

Sasa tuitumie istilahi sokoni. Swift Sport iliyotengenezwa kati ya mwaka 2005 na 2010 ina injini ya CC 1,600, hosipawa 125 na kilo zipatazo 1,060, yaani 118 kwa tani. Inakaribiana kabisa na Altezza AS200, ingawa injini yake ni ndogo na ina silinda mbili pungufu za kuhudumia. Iliyofuata, ya mwaka 2011 hadi 2016, ina hosipawa 136 na kilo 1,050: karibu 130 kwa tani. Kutoka 118 hadi 144 ya mwaka 2017, karibu nusu ya nyongeza ililetwa na kilo zilizoondolewa, nusu nyingine na injini. Kilo hizo hazikuombi mafuta, na hazichakazi tairi wala breki.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo Altezza na Swift za zamani hupatikana kwa wenye nazo nchini. Tanzania inaruhusu, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya miaka mingi. Ongeza gharama hizo kwenye hesabu kabla hujamwambia muuzaji neno.

Hesabu abiria pia. Watu wanne wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 280. Swift ya mwaka 2017 ikiwabeba hushuka kutoka 144 hadi 112 kwa tani, na Altezza RS200 kutoka 156 hadi kama 129. Gari jepesi hupoteza sehemu kubwa zaidi. Kijana aliyelijaribu gari peke yake asilitegemee kupita lori vilevile akiwa na marafiki watatu ndani.

Istilahi hii ina mipaka yake. Subaru Forester ya turbo ya miaka ya 2000 ina hosipawa 220 na kilo zaidi kidogo ya 1,400, karibu sawa na RS200 kwa tani, lakini tabia zao ni mbali kabisa. Forester huvuta kwa magurudumu yote manne, tangu injini ikizunguka taratibu, na imeinuka juu. RS200 husukuma kwa magurudumu ya nyuma, na nguvu yake kamili hutoka injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Haiba ya gari imo katika mambo hayo: nguvu inatokea wapi, na inapitia magurudumu gani. Kwenye lami iliyolowa, gari la kusukumwa nyuma linaweza kumponyoka dereva mgeni kwa kosa dogo la mguu.

Namba za katalogi ni za injini mpya. Injini ya miaka 20 iliyochoka haina tena hosipawa zilizoandikwa, kwa hiyo mlipe fundi asiye na udugu na muuzaji apime mgandamizo wa kila silinda. Akague breki na shokapu kwa makini hayohayo, maana spidi ikiongezeka maradufu, nishati ambayo breki zinapaswa kuizima huwa mara nne.

Kwa dereva wa miaka ya mwanzo, hosipawa 110 hadi 130 kwa tani, gia za mkono na gari la kilo kama 1,000 zinatosha kumfundisha na kumfurahisha. Zaidi ya hapo angoje uzoefu. Nanyi wauzaji na waandishi wa magari, andikeni hosipawa kwa tani kando ya CC katika kila tangazo, ili mnunuzi ajue analipia nini.