Watumishi wa umma na teknolojia mpya: Hofu, matumaini na mazoea

KOMPYUTA yaweza kununuliwa na kufungwa ofisini kwa siku moja, lakini kumfanya mtumishi aiamini huchukua muda mrefu zaidi. Suala hilo limeiandama sekta ya umma ya Tanzania tangu mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ilipofungwa Wizara ya Fedha.

Mwanzo huo haukuwa mwepesi. Jitihada za kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine zilileta hasara, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Masharti hayo yalilegezwa taratibu katika miaka iliyofuata. Mwaka 2003 nchi ilipata Sera yake ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, kisha ikawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019.

Tangu hapo mifumo imefuatana. GePG, unaotoa namba maalumu ya malipo ya serikali, ulianza mwaka 2017. Mwaka 2023 ukaja NeST kwa ajili ya ununuzi wa umma. Aidha, PEPMIS ulichukua nafasi ya OPRAS, utaratibu wa kupima utendaji wa watumishi ulioanza mwaka 2004 kwa kujaza fomu za karatasi.

Kwa nini mtumishi mmoja huupokea mfumo na mwenzake huukwepa? Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Fred Davis, alieleza kuwa mambo mawili huamua: imani kwamba chombo kitamsaidia mtu kazini, na imani kwamba kukitumia si taabu. Mwaka 2003, Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwamo, waliongeza msukumo wa wakubwa na wenzake kazini, pamoja na kuwapo kwa vifaa na msaada wa kitaalamu.

Katika ofisi za umma hofu huwa na sura kadhaa. Ya kwanza ni hofu ya kupoteza nafasi. Karani wa masjala aliyetunza majalada kwa miaka ishirini ndiye ajuaye kila moja lilipo, na ujuzi huo ndio heshima yake. Jalada linapohamia kwenye kompyuta, heshima hiyo huhama nalo.

Ya pili ni mzigo wa kazi maradufu. Pale ambapo taarifa huingizwa kwenye mfumo na bado kudaiwa kwenye karatasi, mtumishi haoni nafuu yoyote. Hali huwa ngumu zaidi kwa mwalimu au muuguzi wa kijijini atakiwaye kujaza taarifa kwa simu yake mwenyewe, na kwa bando alilolinunua kwa mshahara wake.

Ya tatu ni hofu ya kuonekana. Mfumo huweka kumbukumbu ya nani alifanya nini na saa ngapi. Kwa mtumishi mwadilifu kumbukumbu hiyo ni ngao dhidi ya kusingiziwa, lakini kwa aliyezoea kupokea “chai” ili jalada lisogee, ni mlango uliofungwa.

Kwa hiyo si kila malalamiko ni uvivu, wala si kila malalamiko ni ya haki. Mwaka 2003 mtafiti Richard Heeks wa Uingereza alikadiria kuwa asilimia 35 ya miradi ya serikali mtandao katika nchi zinazoendelea ilishindwa kabisa, asilimia 50 ilishindwa kwa sehemu, na asilimia 15 pekee ilifanikiwa. Chanzo kikubwa, alieleza, ni pengo kati ya mfumo ulivyobuniwa na hali halisi ya mahali pa kazi. Watumishi ndio wa kwanza kuliona pengo hilo.

Hivyo ni busara kuwasikiliza kabla mfumo haujakamilika, kuwafunza kwa kazi zao halisi, kuweka fundi wa karibu, na kutangaza siku ambayo karatasi itakoma. Yasipofanyika hayo, gharama hailipwi na ofisi peke yake. Huilipa pia mwananchi aliyetoka mbali kufuata hati au cheti, akafika dirishani na kuambiwa mtandao hakuna, arudi kesho.